Kujibu maswali ya historia, uraia na sheria: mwongozo kamili kwa mwanafunzi

Nikiwa sekondari niliwahi kuulizwa: "Eleza athari za Mkutano wa Berlin wa 1884–1885." Nikafurahi, maana mkutano ule nilikuwa naujua kama jina langu. Nikajaza kurasa tatu. Nikaanza na Bismarck, Chansela wa Ujerumani aliyeitisha mkutano, nikaja ugomvi wa Kongo, Wareno na madai yao, Waingereza na hofu zao, viwanda vya Ulaya vilivyohitaji malighafi. Karatasi iliporudi nilikuta alama 2 kati ya 20, na pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja lenye alama ya kuuliza: "Athari?"

Nilichokuwa nimeandika kilikuwa sahihi, ila hakikuwa kimeulizwa. Tangu hapo nimesahihisha maandishi mengi ya wanafunzi, na kosa hilo ndilo ninalokutana nalo kuliko yote. Kutojua historia ni kosa la pili, tena kwa mbali. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na swali lenyewe, kisha unaingia kwenye kila somo.

Hatua ya 1: Lichambue swali kabla ya kugusa karatasi ya majibu

Chukua kalamu upigie mstari vitu vitatu: kitenzi, mada na mipaka. Tuseme swali ni hili: "Jadili sababu za kiuchumi zilizochangia Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789."

Mada ni Mapinduzi ya Ufaransa. Kitenzi ni "jadili". Mipaka iko miwili: sababu (si matukio, si matokeo), na za kiuchumi. Neno hilo la mwisho linafagia nusu ya daftari lako. Wanafalsafa Voltaire na Rousseau wanakaa nje. Kuvamiwa kwa gereza la Bastille tarehe 14 Julai 1789 nako kunakaa nje, kwa sababu hilo ni tukio la mapinduzi yenyewe. Kinachobaki ndani ni madeni ya ufalme, yaliyovimba baada ya Ufaransa kugharimia vita vya uhuru wa Marekani. Mfumo wa kodi uliowabana wakulima huku makasisi na makabaila wakiwa na misamaha mingi. Na mavuno mabaya ya 1788 yaliyopandisha bei ya mkate. Hoja tatu zenye nyama zinatosha kuanzia.

Vitenzi navyo vina uzito tofauti. "Taja" au "orodhesha" inataka majina tu. Ukiambiwa utaje mihimili mitatu ya dola, andika Bunge, Serikali na Mahakama, kisha songa mbele. Anayeandika ukurasa mzima hapo anajiibia muda wake mwenyewe. "Eleza" na "fafanua" zinataka kila hoja ibebe maelezo ya namna jambo lilivyofanya kazi, na mfano juu yake. "Tofautisha" na "linganisha" zinataka vitu viwili vipimwe kwa kipimo kimoja, hoja kwa hoja. Kuandika ukurasa wa kitu cha kwanza na ukurasa wa kitu cha pili, ukimwachia msahihishaji kazi ya kulinganisha, hakukubaliki. "Jadili" inataka pande zaidi ya moja. "Tathmini" na "kwa kiasi gani" zinataka zaidi ya hapo: useme wewe unaona nini na kwa nini. Mwanafunzi anayejibu "kwa kiasi gani" bila kutaja kiasi chochote hajajibu.

Hatua ya 2: Tenganisha maneno pacha

Kuna maneno yanayofanana sura lakini hayafanani kazi, na watunga maswali wanayapenda sana.

Biashara ya watumwa na utumwa ni mambo mawili. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, lakini sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mengi ilipitishwa 1833 na kuanza kutumika 1834. Zanzibar soko la watumwa lilifungwa 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria 1897. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na watu ambao hawakuruhusiwa kuuzwa kwa njia ya bahari lakini walikuwa bado mali ya mtu. Ukichanganya tarehe hizi umefuta maisha ya kizazi kizima.

Dola na serikali nazo zinachanganywa kila siku. Serikali inaweza kuondoka kesho kwa uchaguzi, dola inabaki. Mkataba wa Montevideo wa 1933 ulitaja sifa nne za dola: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Utaona kuwa serikali ni sifa moja tu kati ya nne. Taifa ni jambo jingine tena, maana linahusu watu wanaojiona kuwa wamoja. Wakurdi wanajiona taifa, lakini wamesambaa Uturuki, Irak, Iran na Syria, na hawana dola yao.

Kwenye miaka, karne ya 19 ni 1801 hadi 1900. Wengi huandika 1900 na kuendelea. Ukivuka kutoka KK kwenda BK, kumbuka hakuna mwaka sifuri. Augusto alitawala Roma kuanzia 27 KK hadi 14 BK. Ukijumlisha 27 na 14 unapata 41, lakini lazima utoe 1, kwa hiyo ni miaka 40.

Hatua ya 3: Historia, na swali la "ikawaje?"

Maswali mengi ya historia ni ya sababu na matokeo. Ugonjwa wake mkuu ni hoja isiyofika mwisho. Angalia aya hii, ambayo nimeisoma katika sura mia moja tofauti:

"Sababu ya kwanza ya Vita Kuu ya Kwanza ni miungano. Nchi za Ulaya zilikuwa na miungano ya kijeshi. Miungano hii ilisababisha vita."

Imesema miungano mara tatu na haijaeleza chochote. Dawa yake ni kujiuliza "ikawaje?" baada ya kila sentensi, mpaka ufike kwenye vita vyenyewe. Aya ileile ikitibiwa inakuwa hivi:

"Miungano iliugeuza ugomvi wa nchi mbili kuwa vita vya bara zima. Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai 1914, mwezi mmoja baada ya mrithi wa kiti chake cha ufalme, Franz Ferdinand, kuuawa Sarajevo. Urusi, iliyojiona mlinzi wa Serbia, ikaanza kukusanya majeshi. Ujerumani, mshirika wa Austria-Hungaria, ikatangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti, na dhidi ya Ufaransa, mshirika wa Urusi, tarehe 3. Majeshi yake yalipopita Ubelgiji, Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa wadhamini wa Ubelgiji katika mkataba wa 1839, ikaingia tarehe 4."

Tarehe hapo hazijawekwa kama mapambo. Zinaonyesha kasi: ndani ya wiki moja mataifa makubwa matano yalikuwa vitani, na kasi hiyo ndiyo hoja. Ukikumbuka mfuatano lakini siku imekutoka kichwani, andika "mwanzoni mwa Agosti 1914" uendelee. Tarehe ya kubahatisha inakuharibia. Mwezi na mwaka sahihi vinatosha.

Swali likiwa "kwa kiasi gani miungano ilisababisha vita," sasa tafuta jambo linaloipinga hoja yako mwenyewe. Hapa liko wazi. Italia ilikuwa katika muungano mmoja na Ujerumani na Austria-Hungaria, lakini 1914 ilikaa pembeni, na 1915 ikaingia vitani upande wa pili. Kumbe muungano haukuifunga nchi mikono, viongozi walichagua. Kutokana na mfano huo mmoja unaweza kuhitimisha kwamba miungano inaeleza kwa nini vita vilienea, lakini haitoshi kueleza kwa nini vilianza. Hapo umetoa kiasi, na umekitetea.

Tenganisha pia sababu za msingi na chanzo cha papo kwa papo. Risasi ya Sarajevo ni kiberiti. Mashindano ya silaha, utaifa katika nchi za Balkani na ugomvi wa makoloni ni kuni. Swali la kuni halijibiwi kwa kiberiti.

Halafu kuna maswali ya vyanzo, ambapo unapewa barua, picha au taarifa. Uliza nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani, na alitaka nini kitokee. Mwaka 1904 Uingereza ilichapisha taarifa ya balozi wake mdogo, Roger Casement, kuhusu ukatili katika Dola Huru la Kongo. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa upande wake alikuwa ameinadi Kongo kama kazi ya hisani na ustaarabu. Wanafunzi wengi huandika "chanzo hiki kina upendeleo" na kuweka nukta. Usiishie hapo. Casement alikuwa mtumishi wa serikali yenye maslahi yake, kweli, lakini alisafiri mwenyewe na kusikiliza watu waliokatwa mikono na waliokimbia vijiji. Na maneno ya Leopold, hata yakiwa uongo, yanakuonyesha alichotaka Ulaya iamini. Chanzo chenye upendeleo bado ni chanzo. Kazi yako ni kusema kinafaa kuthibitisha nini na hakifai kuthibitisha nini.

Hatua ya 4: Serikali na uraia

Hapa sitakaa sana, kwa sababu kanuni yake ni fupi: kwa kila chombo, sema kinafanya nini na nani anakizuia. Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika. Montesquieu, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyeandika mwaka 1748, alisisitiza kutenganisha mamlaka ili mamlaka moja iizuie nyingine. Kwa hiyo jibu la mgawanyo wa madaraka lisilo na neno "kuzuia" ni jibu la nusu.

Mfano wa Marekani unasaidia kwa sababu vizuizi vyake vinaonekana. Bunge linapitisha muswada. Rais anaweza kuukataa. Bunge linaweza kumshinda Rais kwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza. Na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, tangu kesi ya Marbury dhidi ya Madison ya 1803, inaweza kuitangaza sheria kuwa inapingana na katiba. Uingereza mambo ni mengine. Waziri Mkuu hutoka ndani ya Bunge na hubaki madarakani akiungwa mkono na Bunge. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310 katika hoja ya kutokuwa na imani, na uchaguzi ukaitishwa. Kura moja tu. Mfano kama huo kwenye swali la "mfumo wa kibunge unatofautianaje na wa kirais" una nguvu kuliko maneno mia ya jumla, kwa sababu Rais wa Marekani haondolewi kwa njia hiyo: yeye ana muhula wake, na kumwondoa kabla ya muhula kuisha kunahitaji ashtakiwe na Baraza la Wawakilishi, kisha atiwe hatiani na theluthi mbili ya Maseneta waliohudhuria.

Taja nchi kila mara. "Rais huteua majaji" si jibu mpaka useme Rais wa wapi. Na ogopa majibu ya mkato: "Uingereza haina katiba" ni kosa. Inayo, ila haijaandikwa katika hati moja. Imetawanyika katika sheria za Bunge, maamuzi ya mahakama na desturi.

Hatua ya 5: Sheria

Anza na mgawanyo wa jinai na madai, maana ukikosea hapo kila kitu kinachofuata kinapinda. Kwenye jinai, dola ndiyo kwa kawaida inayoshtaki, anayejibu ni mshtakiwa, na mwisho wake ni kupatikana na hatia au kuachiwa. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, kosa lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka la msingi. Kwenye madai, mtu anamdai mtu au kampuni. Kuna mdai na mdaiwa, mwisho wake mara nyingi ni fidia, na kinachohitajika ni kuonyesha kwamba dai lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Kwa hiyo tukio moja linaweza kuzaa kesi mbili. Dereva aliyemgonga mtu anaweza kushtakiwa kwa jinai akaachiwa, kisha akadaiwa fidia na akashindwa. Wanafunzi huona huo ni mkanganyiko, kumbe vipimo ndivyo vilivyo tofauti.

Sasa maswali ya tatizo, yale yanayokupa kisa na kukuuliza nani ana haki. Fuata ngazi tano: ukweli wa kisa, suala la kisheria, kanuni, kuitumia kanuni, na hitimisho. Niionyeshe kwa kesi maarufu ya konokono, Donoghue dhidi ya Stevenson.

Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, rafiki wa Bi Donoghue alimnunulia kinywaji cha tangawizi katika mkahawa. Chupa ilikuwa nyeusi, ndani hamwonekani. Bi Donoghue alidai kwamba baada ya kunywa, kilichobaki kilipomiminwa yalitoka mabaki ya konokono aliyeoza, naye akaugua. Huo ndio ukweli wa kisa. Angalia jambo dogo lililobeba kesi nzima: aliyelipa alikuwa rafiki. Bi Donoghue hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa wala na mtengenezaji. Kwa hiyo suala ni hili: je, mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji ambaye hana mkataba naye? Mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa ndiyo mahakama ya mwisho ya rufaa, lilijibu ndiyo, majaji watatu kwa wawili. Kanuni aliyoijenga Lord Atkin, mmoja wa majaji hao, ni kwamba mtu anapaswa kuchukua tahadhari ya kutosha asimdhuru jirani yake, na jirani kisheria ni yule ambaye angepaswa kumfikiria kuwa ataguswa na kitendo chake.

Mtihani hautakuuliza konokono. Utakuuliza kopo la maziwa lenye kipande cha chuma, ambalo mama alipewa zawadi na jirani yake. Hapo sema: mama hana mkataba na kiwanda, lakini kanuni ya 1932 haihitaji mkataba; kopo lilikuwa limefungwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulikagua njiani; mlaji alikuwa mtu ambaye kiwanda kingepaswa kumfikiria; hivyo ana msingi wa kudai fidia, akithibitisha uzembe na madhara. Kisha geuza sarafu: ingekuwaje kama kopo lilikuwa limeshafunguliwa na kukaa kwa jirani siku mbili? Swali hilo la pili, ambalo hukuulizwa moja kwa moja, ndilo linalomwonyesha msahihishaji kwamba kanuni unaielewa.

Mtego mwingine upo kwenye haki za binadamu. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, lenye ibara 30, ni tamko. Halikuandikwa kama mkataba unaozifunga nchi. Iliyokuja kuzifunga ni mikataba miwili iliyopitishwa 1966 na kuanza kazi 1976, mmoja wa haki za kiraia na kisiasa, mwingine wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Afrika ina mkataba wake, uliopitishwa 1981 na kuanza kutumika 1986. Ukiulizwa "nchi inaweza kuwajibishwa kwa chombo gani," jibu lako liende kwenye mikataba.

Hatua ya 6: Gawa muda kwa alama

Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 una dakika 180. Toa 10 za kusoma na kuchagua maswali, zinabaki 170, yaani dakika 1.7 kwa kila alama. Swali la alama 20 lina dakika 34. Zikiisha, funga kwa sentensi moja na uhame. Alama tano za mwanzo kwenye swali jipya ni rahisi kupata kuliko alama moja ya mwisho kwenye swali la zamani.

Katika dakika hizo 34, tumia 5 kuandika mifupa ya jibu pembeni. Hii ndiyo mifupa ambayo ningeiandika leo kwa lile swali la athari za Berlin:

Utangulizi: nchi 14, hakuna mwakilishi wa Kiafrika, mkutano uliweka kanuni za kugawana, mipaka mingi ilichorwa baadaye.
Hoja ya 1: kanuni ya kukalia eneo kwa vitendo, iliyoandikiwa pwani, ikachochea mbio za kuweka vituo, askari na mikataba hadi bara.
Hoja ya 2: madai ya Leopold juu ya Kongo yakapata nguvu, uvunaji wa mpira na kazi za shuruti, Ubelgiji yaichukua 1908.
Hoja ya 3: mikataba ya mipaka, mfano wa Waingereza na Wajerumani 1886 na 1890, Wamasai wakatwa na mstari.
Hoja ya 4: upinzani wa silaha, mfano Majimaji 1905–1907.
Hitimisho: kufikia 1914 ni Ethiopia na Liberia tu zilizobaki nje ya utawala wa Ulaya.

Bismarck anaingia mara moja, kwenye utangulizi, kama aliyeitisha mkutano.